Bunduki ya Babu na Mizani ya Mirathi

Wavyele walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipoisikia bunduki ya babu yangu ikitembezwa kwa maneno matamu, hata udongo wa kaburi la mjomba haujakauka, nilipaswa kushtuka mapema kuliko nilivyoshtuka.

Kisa chenyewe ni hiki, msomaji mpenzi. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Hakuwa tajiri. Aliacha shamba la minazi na miembe upande wa Takaungu, vijisenti vya benki vilivyoishia katika madeni na gharama za maziko, na bunduki moja ya kasiba mbili aliyoachiwa na baba yake, ambaye ndiye babu yangu mzaa mama.

Bunduki hiyo sote tuliijua. Tulipokuwa watoto tukienda shamba wakati wa likizo, tuliiona ikining'inia ukutani juu ya kitanda cha mjomba, kitako chake kimezungushwa waya wa shaba, nasi tuliambiwa kwamba atakayeigusa atachapwa. Mahindi yakianza kubeba, tulisikia mlio wake alfajiri, kisha makelele ya nyani wakikimbilia msituni. Kwetu sisi, huo ndio uliokuwa ukubwa wa mjomba.

Hesabu ya mirathi haikuwa ngumu. Mjane mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 40, mjane apata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Hata mtoto wa chuoni aweza kujumlisha akaona kwamba hakuna kilichopotea.

Matata yaliingia pale mwana mkubwa alipokuja na habari mpya. Rafiki yake mmoja alikuwa ameipiga picha bunduki ile kwa simu zamani, akasema ni kazi ya mabingwa wa Kiingereza, na kwamba ng'ambo huuzwa kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Basi akamwambia mdogo wake: "Wewe shamba hulitaki, kazi yako iko Nairobi. Chukua bunduki ya babu, uniachie mafungu yako kumi na manne ya shamba. Hapo utakuwa umenishinda, lakini wewe ni ndugu yangu."

Yule kijana alikuwa karibu kukubali. Tangu utotoni aliipenda bunduki ile kuliko kitu chochote katika nyumba ya baba yake. Ndipo mkazamjomba aliponiita kando akaniambia: "Mwanangu, wewe ni mtu wa kusoma. Kabla watoto hawajaandikiana, nenda ukaitazame. Nimekaa nayo nyumba moja miaka arubaini wala sijui kama ni dhahabu au ni chuma."

RIDHAA YA ASIYEJUA

Mirathi yetu inaruhusu mrithi kujitoa katika urithi kwa kupewa kitu maalumu walichokubaliana wenziwe. Mafakihi huita jambo hilo takharuji, na mwalimu wangu wa chuoni alilieleza kwa maneno machache: ni sulhu, na sulhu yataka ridhaa, wala hakuna ridhaa ya mtu asiyejua anachotoa na anachopokea. Kupunjana kwa bei, ambako vitabu vya fiqhi hukuita ghabni, hakusafishwi na kule kuwa waliopunjana ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hivyo suala la thamani ya bunduki kuukuu halikuwa tena suala la waungwana wapendao vitu vya kale. Kijana wa watu alikuwa karibu kutoa minazi iliyopandwa na babu yake kwa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Mimi ni mtu wa kalamu, na kasiba ninayoijua ni ile ya utete wa kuandikia. Hata hivyo maneno yenyewe yalinivuta. Kasiba kwa Kiarabu ni unyasi au bomba. Marisau, zile punje ndogo zinazotiwa ndani ya kiasi, ni mtoto wa neno la Kiarabu lenye maana ya risasi. Na bunduki yenyewe, Waarabu huiita bunduqiyya, jina lile lile wanalouitia mji wa Venice. Lakini kujua asili ya neno si kujua bei ya kitu. Nikamtafuta fundi mzee hapa Mombasa, mtu ambaye baba yake alitengeneza bunduki tangu wakati wa Mwingereza, nikamwomba tufuatane.

JINA HALITOSHI

Bunduki ilikuwa kituo cha polisi. Ndivyo sheria inavyotaka: cheti cha silaha ni cha mtu binafsi, na mwenye cheti akifa, silaha haikai nyumbani ikingoja mirathi. Tukaomba ruhusa, afisa mmoja akaitoa ikiwa na kibandiko chake, akasimama kando akitutazama.

Fundi hakutazama nakshi wala jina. Aliivunja kati kwanza, kama zinavyovunjwa bunduki hizi, akachungulia ndani ya kasiba zote mbili. "Bunduki kwanza huulizwa kama ina kitu tumboni," akasema. "Bei baadaye."

Kijana akamwonyesha maandishi juu ya utepe wa chuma uliounganisha kasiba mbili. Yalisomeka W. RICHARDS. "Hao ndio mabingwa, mzee," akasema. Fundi akacheka bila kumdharau.

Westley Richards ni jina kubwa kweli. Ni karakana ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1812, na mafundi wake wawili, Anson na Deeley, ndio waliovumbua mwaka 1875 ule mtambo uliofichwa ndani ya bunduki, usio na nyundo za nje, ambao dunia nzima iliuiga. Lakini Richards peke yake ni jina la watu wengi, na mwisho wa karne ya 19 karakana za Ubelgiji zilipiga chapa W. Richards juu ya bunduki za bei nafuu, zikauzwa nyingi sana Marekani na kwingineko kwa wanunuzi waonao haraka na wasomao polepole. Wengine walipata Barker mahali pa Parker, ambaye ni fundi mashuhuri wa Marekani. Jina juu ya chuma ni dai tu, na dai linataka shahidi.

Shahidi yuko chini ya kasiba. Fundi aliziondoa kasiba kutoka kwenye kitako, akazigeuza, akapangusa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta. Katika nchi zilizotengeneza bunduki kwa wingi kuna nyumba za majaribio, ambapo kila kasiba hupigwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida. Ikistahimili hupigwa muhuri. Ikipasuka, imepasukia huko na si usoni pa mnunuzi. Chama cha mafundi wa bunduki cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1637, na nyumba ya majaribio ya Birmingham iliundwa kwa sheria ya bunge la Uingereza mwaka 1813. Mihuri yao ina taji na herufi ambazo mtu akizijua haziwezi kumchanganya.

Tulichokiona sisi ni herufi tatu, E, L na G, ndani ya duara lililorefushwa kama yai, na taji dogo juu yake. Huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji. Kando yake palikuwa na nguzo ndogo, alama ya mji huo. Taji lile liliongezwa mwaka 1893. Tangu mwaka 1922 Liège ikaweka pia herufi ya kuonyesha mwaka, na juu ya bunduki yetu herufi hiyo haikuwapo. Fundi akakadiria kwamba ilitengenezwa kati ya miaka hiyo miwili. Bingwa wa Kiingereza akawa ametutoka pale pale juu ya meza ya polisi.

CHUMA CHA SHAM KILICHOFULIWA UBELGIJI

"Lakini hebu tazama mawimbi haya!" kijana akasema. Na kweli, chini ya kutu, chuma kilikuwa na michoro kama maji yanayotiririka juu ya mchanga. Rafiki wa kaka yake alikuwa amesema hicho ni chuma cha Dameski, na neno hilo peke yake lilitosha kuongeza laki kadhaa.

Msomaji, jina la Sham limeuza mengi duniani. Panga za Dameski zilisifika, nao mafundi wa Ulaya wakalichukua jina wakaliweka juu ya kazi yao nyingine. Kasiba za namna hii zilitengenezwa kwa kuunganisha vipande vya chuma laini na chuma kigumu, vikasokotwa vikiwa vimoto kama kamba ya katani, kisha utepe uliopatikana ukazungushwa juu ya mti wa chuma na kugongwa kwa nyundo mpaka ukawa bomba moja. Michoro ilitokea kwa kuchomwa kwa tindikali. Kazi hiyo ilikuwa sanaa kubwa, na makao yake makuu yalikuwa bonde la mto Vesdre karibu na Liège, ambako vijiji vizima viliishi kwayo. Vita Kuu ya 1914 ilipokwisha, kazi hiyo nayo ilikuwa imedidimia sana, kwa kuwa chuma cha kumiminwa kilikuwa rahisi na imara zaidi.

Kwa hiyo chuma cha mawimbi hakipandishi bei kwa kuwa na mawimbi tu. Kikiwa kizima, cha fundi mwenye jina, chawapendeza wakusanyaji. Wengine walichora hayo mawimbi juu ya chuma cha kawaida, ili kumpumbaza mteja. Na kikiwa kimeliwa na kutu, ni hatari, kwa sababu kutu hupenya kwenye maungio usipoona.

Hapo fundi aliuliza swali lililonitia baridi: "Mjomba wako alikuwa akitia viasi gani?" Nikamjibu, vya dukani, vya kawaida. Akatikisa kichwa. Bunduki nyingi za zamani zilijaribiwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi ilienea mwishoni mwa karne ya 19, nayo husukuma kwa namna nyingine. Nyumba za majaribio ziliweka muhuri wa pekee kwa kasiba zilizostahimili baruti hiyo mpya. Fundi alitafuta muhuri huo juu ya bunduki ya babu, chini na ubavuni, asiuone. "Miaka yote hiyo," akasema, "mzee alikuwa akiwafukuza nyani kwa mkono mmoja na kubisha mlango wa mauti kwa mkono wa pili. Mola alimlinda."

KUISIKILIZA

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa kupenda mizani ya shairi, sitalisahau. Alizining'iniza kasiba kwa kidole chake, akazigonga kwa kipande cha mti. Kasiba nzima hulia kama kengele, na mlio hukaa hewani. Hizi zetu zilijibu kwa sauti butu, kama mtungi uliopasuka. Maana yake utepe unaozishika pamoja umeachia mahali fulani, na unyevu umeingia kati.

Akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha akanipa nichungulie. Ndani ya bunduki iliyotunzwa mtu huona duara juu ya duara, ziking'aa kama fedha mpaka mwisho. Mimi niliona vishimo vyeusi, vingi, kama uso wa aliyepona ndui. Katika kasiba ya kushoto palikuwa na bonde, mahali ilipogongwa na kitu kizito. Mafundi wa Ulaya wana kipimo cha kupima unene wa ukuta wa kasiba, na wafanyabiashara wengi wa Uingereza huanza kusitasita ukuta ukipungua elfu ishirini za inchi moja, yaani kama nusu milimita. Fundi wetu hakuwa nacho kipimo hicho siku ile, wala hakuna aliyekihitaji.

Akapima na mdomo. Bunduki hii ni ya namba 12, nayo hesabu yake ni ya kizamani na ya kupendeza: ukichukua ratili moja ya risasi ukaigawa vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja ndicho kiingiacho barabara ndani ya kasiba, karibu milimita 18.5. Namba 16 ni nyembamba zaidi na namba 20 ni nyembamba tena, kwa kuwa ratili ile ile imegawanywa vidonge vingi. Kisha akatazama midomo miwili ya kasiba kama inagusana. Ikiwa pana mwanya kati yake, mtu amezikata kwa msumeno, na bunduki iliyokatwa haina bei. Zetu zilikuwa zagusana. Hilo lilikuwa jema la kwanza, na la mwisho.

Namba zilizopigwa juu ya kasiba, juu ya mtambo, na juu ya kipande cha mbao cha mbele zapaswa kuwa moja. Kwetu namba ya mbao ya mbele ilikuwa nyingine, ishara kwamba bunduki mbili ziliwahi kuoana njiani. Kitako, ambacho kilikuwa cha mti wa jozi, kilipasuka zamani ndipo kikafungwa ule waya wa shaba. Na nakshi za ubavuni zilikuwa zimefutika nusu. Nikakumbuka kwamba kila mwaka, kabla ya kupeleka bunduki kukaguliwa, mjomba aliisugua kwa msasa mpaka ing'ae, ili asione haya mbele ya serikali. Kumbe kila msasa ulikuwa ukikwangua bei. Mnunuzi wa vitu vya kale hupenda rangi ya kwanza hata ikiwa imefifia, kuliko mng'aro wa jana.

ZILIFIKAJE HUKU?

Huenda msomaji akauliza, bunduki za Ubelgiji zilifikaje minazini kwetu? Pwani hii ilikuwa soko la bunduki kabla ya kuwa koloni. Katika mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Wamarekani, biashara iliachiwa huru, isipokuwa bunduki na baruti, ambazo Unguja zilikuwa haziuzwi ila kwa serikali yake. Kitu hakiwekewi sharti katika mkataba ila kiwe kinatafutwa. Karne ile bunduki za gumegume na magobori yaliyotiwa baruti kwa mdomo yalipita bandarini yakielekea bara, na pembe zikirudi. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia silaha mpya zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha zile za gumegume tu pamoja na vizuizi vyake. Bunduki ya viasi ikawa ya mzungu na ya mwenye leseni.

Babu aliipata yake wakati wa ukoloni, ikiwa tayari imetumika. Kijitabu cha leseni alichohifadhi kinaanza mwaka 1938. Aliinunua apate kulinda mahindi na mihogo kwa nyani na nguruwe mwitu, kama alivyonunua jembe na shoka.

BEI YENYEWE

Nilimwomba fundi anieleze ni ipi basi yenye thamani, nisije nikaharibu bahati ya mtu mwingine. Akanihesabia. Kwanza fundi aliyeitengeneza: Purdey, Boss, au Holland & Holland wa London, walioanza kazi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na ambao daftari zao zaweza kueleza bunduki ya namba fulani aliuziwa nani na lini. Purdey mpya leo hupita pauni laki moja. Pili namna ya mtambo: ule uliojengwa ubavuni kwa kawaida hushinda ule wa ndani, na bunduki inayotupa viasi vilivyopigwa yenyewe hushinda ile inayovisogeza tu. Tatu uzima: kasiba, kitako cha urefu wake wa asili, na kufunga kwake kusiwe na mchezo. Nne pacha: mabwana wa Uingereza waliagiza bunduki mbili zilizofanana, zikiandikwa 1 na 2, na pacha zilizokaa pamoja hupita bei ya moja mara mbili. Tano karatasi, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hata hapo mtu asijipumbaze na uzee. Katika minada ya Uingereza bunduki nyingi za kweli za Birmingham, nzima, za mtambo wa ndani, zisizotupa viasi, huuzwa pauni mia chache, nyingine hazifiki hata hapo. Ziko nyingi, na wanaozitaka wamepungua. Miaka mia moja si sifa kwa kitu kilichotengenezwa kwa malaki.

"Na hii?" nikamwuliza.

"Ya kupiga, haipigwi. Haina bei. Ya kutundika ukutani, huko Marekani mtu angetoa dola mia moja, akipenda sana mia mbili."

Kwa kiwango cha mwaka 2025, cha takriban shilingi 129 kwa dola moja, mia mbili ni kama shilingi elfu ishirini na sita. Na kuifikisha huko kwataka vibali vya kutoa na vya kuingiza, pamoja na nauli, ambavyo vingeimeza bunduki na mkoba wake. Hapa Kenya anayeweza kuinunua ni mwenye cheti tu, na mwenye cheti hatafuti kasiba zilizooza. Tena soko la bunduki za uwindaji lilikatwa mzizi mwaka 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Na kuitundika ukutani kwetu si pambo. Mbele ya sheria ingali silaha.

BARAZANI KWA MKAZAMJOMBA

Tulikutana baada ya sala ya Alasiri. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, sikuongeza wala sikupunguza, na fundi akanishuhudia. Mwana mkubwa alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi niliambiwa, kaka. Sikutunga." Nilimsadiki. Mtu aweza kumdhulumu nduguye kwa kuamini kile anachotaka kukiamini, wala asihisi kwamba amedhulumu. Ndiyo maana anayefaidika na bei hafai kuwa mthamini wake.

Dada yao, ambaye katika mabishano yote hakuna aliyemwuliza neno, akasema kwa upole: "Na kama ingekuwa milioni, mafungu yangu saba ya bunduki yangekuwa wapi? Maana mlikuwa mkiigawa ninyi wawili." Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikamfanyia hesabu: hata ingeuzwa kwa elfu ishirini na sita, haki yake ni shilingi 4,550. Akasema ni ndogo, lakini ni yake.

Aliyeniumiza moyo ni yule mdogo. Hakusikitikia milioni. Aliuliza: "Kwa hivyo babu alidanganywa? Alipewa jina la uongo akalipia?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu swali hilo lilikuwa zito kuliko yale ya fundi. Nikamwambia kwamba babu yetu hakuwa akisoma herufi za Kizungu. Alisoma Kurani na hati zetu za Kiarabu. Hakununua W. Richards, alinunua mlio wa kufukuza nyani, na mlio aliupata, yeye na mwanawe, kwa mavuno yasiyohesabika. Aliyedanganywa na jina ni sisi tuliosoma.

Mkazamjomba akaguna. "Ilitulisha," akasema, "lakini haikunilaza usingizi. Siku zote nilikuwa nikiiogopa juu ya kitanda."

Shamba liligawanywa kwa mafungu yake 40, wakaandikiana mbele ya kadhi. Bunduki ilisalimishwa kwa serikali kwa hati, na warithi wote wanne wakatia sahihi, pamoja na binti. Kijana aliomba kitu kimoja, nacho ni kile kijitabu cha leseni cha mwaka 1938 chenye dole gumba la babu, na hakuna aliyempinga.

Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna bunduki ya marehemu, ipelekeni kituoni kwanza, kisha mtafuteni fundi mwenye kibali asiye na fungu katika mirathi. Msiipige kuijaribu. Msiisugue. Asomeni mihuri ya chini kabla ya jina la juu, mtafute karatasi zake zote, na bei mtakayopewa mwambieni kila mrithi, hata yule asiyezoea kuulizwa. Sura ya Kurani inayowaonya wenye kupunja vipimo haikubagua pishi ya nafaka na kasiba ya chuma.

Mwezi uliopita nilipita Takaungu. Yule kijana alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, amepanda miche ya minazi katika mafungu yake kumi na manne. Mahindi yalikuwa yamebeba, na nyani, kama desturi yao, walikuwa wamekuja. Walifukuzwa kwa debe na mbwa wawili wa jirani.